Kumpeleka mzee hospitali, na la kufanya akidharauliwa

Bibi alikaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa saba na robo mchana, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii. Jina lake lilipoitwa aliingia kwa daktari peke yake, na akatoka kabla sijamaliza kukunja kanga aliyokuwa ameikalia. Nikamuuliza, "Kasemaje, bibi?" Akanijibu, "Kasema uzee." Hakushikwa mguu, hakupimwa presha, hakuulizwa anameza dawa gani. Mkononi alikuwa na cheti cha panadol.

Tulikuwa tumeondoka kijijini, wilaya ya Newala, kusini mwa Tanzania, saa kumi alfajiri kwa gari aina ya Noah iliyojaza watu na magunia. Nauli ile tulikuwa tumeidunduliza, maana msimu wa korosho ulikuwa bado. Nilipomtazama bibi anakunja kile cheti na kukifunga kwenye pindo la kanga yake kama vile amepewa kitu cha maana, nilijua nimemwangusha. Nilimsindikiza hadi mlangoni, na kuanzia mlangoni ndipo alipohitaji mtu.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda na bibi, na baba mdogo, na jirani zetu wawili wasio na watoto karibu. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

1. Siku mbili kabla, keti naye

Usisubiri asubuhi ya safari kumuuliza anaumwa nini. Wazee wetu wengi wakiulizwa na daktari "Unasumbuliwa na nini?" hujibu "Mwili wote", na hapo mazungumzo yanakwisha. Nyumbani, barazani, bila haraka, atakueleza vizuri. Muulize: kitu gani kimoja kinakukosesha usingizi? Kilianza lini? Hatakupa tarehe, lakini atakwambia "tangu tulipopuliza mikorosho" au "kabla ya Ramadhani". Hiyo ni tarehe tosha, iandike.

Andika mambo matatu tu kwenye daftari, kwa mpangilio anaoutaka yeye. Bibi alitaka magoti yawe la kwanza. Mimi niliona miguu kuvimba ndiyo hatari zaidi, lakini mwili ni wake, nikayaandika magoti juu na miguu chini yake.

Kama anaongea Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao kuliko Kiswahili, mwache aeleze kwa lugha yake, nawe uandike kwa Kiswahili maneno yake yote bila kuyapunguza. Mzee akiongea dakika tano na mkalimani akasema "Anasema tumbo", kuna kitu kimepotea njiani.

Mwulize pia mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza: anataka uingie naye kwa daktari, au ubaki nje? Kuna mambo ya mkojo, ya haja, ya kifua cha mwanamke, ambayo mama hataki mwanawe wa kiume ayasikie. Akitaka mtu mwingine, tafuta binti au shemeji wa kwenda naye. La pili: likitokea jambo zito, kama upasuaji, nani ashirikishwe? Huku kwetu Kusini mara nyingi ni mjomba. Mpigie mjomba kabla ya safari, umweleze, uwe na namba yake. Nimeona mama akirudishwa nyumbani bila kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwa sababu tu mjomba yuko Liwale, simu haipatikani, na hakuna aliyemuuliza mapema.

2. Mfuko mmoja wa dawa zote

Chukua mfuko wa nailoni uweke kila anachomeza: vidonge vya kliniki, vya duka la dawa, alivyopewa na jirani, na dawa za miti shamba pia. Hasa hizo za miti shamba, kwa sababu mzee hatazitaja mwenyewe akiogopa kufokewa. Mwambie daktari zipo, mwonyeshe.

Mfuko huo ndio ulioeleza miguu ya bibi. Ndani yake kulikuwa na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ambayo kila duka la dawa inauzwa, na bibi alikuwa akiimeza kutwa mara mbili kwa miezi kadhaa kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo kwa mzee inaweza kupandisha presha, kuufanya mwili ubaki na maji na kuumiza figo. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akimeza dawa ya presha kwa mkono mmoja na kuipandisha presha kwa mkono wa pili.

Ongeza daftari la matibabu au kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya zamani hata kama yamechakaa, miwani yake, fimbo yake, chupa ya maji, na chakula. Kama kuna kipimo cha sukari cha kufunga, anatakiwa asile kwa saa nane hivi. Kwa hiyo chakula kibaki kwenye kapu mpaka damu ichukuliwe, kisha ale palepale. Mzee wa sukari aliyemeza dawa zake halafu akakaa na njaa hadi adhuhuri anaweza kuanguka. Uliza kliniki mapema kama asubuhi hiyo ameze dawa au asubiri.

3. Makaratasi ya malipo

Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Lakini haki hiyo inahitaji karatasi. Anza kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, mzee atambuliwe na kuandikishwa, kisha fuatilia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mpaka kitambulisho kipatikane. Fanya hivyo mzee akiwa mzima. Ukienda kuanza kuhangaikia barua ya mtendaji mzee ameshazidiwa, utaipata akiwa amelala wodini na bili inaongezeka.

Kama kitambulisho hakipo na hela hakuna, usiondoke hospitali. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Hospitali za mkoa, kama Ligula pale Mtwara na Sokoine pale Lindi, zina maafisa hao, na msamaha wa matibabu ni sehemu ya kazi yao. Kwenye hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao ulizia utaratibu wao mapokezi. Mwenye bima aje na kadi na kitambulisho cha taifa.

4. Benchi

Ukifika, kabla ya kuketi, uliza kama kuna dirisha la wazee. Vituo vingi vina kibao cha kumtanguliza mzee, lakini kibao hakimwiti mtu. Nenda dirishani useme: "Habari za kazi, dada. Nina mzee wa miaka 74, naomba kujua utaratibu wa wazee hapa ukoje." Waombe pia radhi walio mbele yenu kwenye foleni. Watu wa kwetu hawamkatalii mzee akiombewa kwa heshima. Wanakasirika ukipita kimya.

Mzee akipata shida ya kupumua, maumivu makali ya kifua, mdomo ukaenda upande, ulimi ukawa mzito ghafla au mkono mmoja ukakosa nguvu, foleni imekwisha. Mpeleke chumba cha dharura au mwite muuguzi kwa sauti.

Wakati mnangoja andika kwenye daftari saa mliyofika na saa aliyoitwa. Inachukua sekunde tano, na siku ukihitaji kulalamika ndiyo itakayokubeba.

5. Ndani kwa daktari

Keti pembeni na nyuma kidogo ya mzee. Ukikaa mbele, daktari atazungumza na wewe, na mzee atageuka mzigo unaojadiliwa. Daktari akikuuliza wewe "Anaumwa nini?", mgeukie mzee: "Bibi, daktari anakuuliza." Kisha nyamaza, hata akichukua muda. Ni vigumu sana kunyamaza, mimi mwenyewe bado najifunza. Akimaliza, soma yale mambo matatu kwenye daftari uone kama kuna lililosahaulika, uliongeze.

Kama hasikii vizuri, mwombe daktari aongee taratibu akimtazama usoni. Kupiga kelele sikioni hakusaidii, na kunaitangazia korido nzima siri zake. Mama akitakiwa kuvua nguo na hajisikii vizuri mbele ya daktari mwanamume, ni halali kuomba muuguzi wa kike awepo. Omba na pazia livutwe.

Presha ina namna yake ya kupimwa. Mzee apumzike kama dakika tano, aegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe wazi na uungwe mkono usawa wa moyo, asiongee. Akipimwa huku anahema baada ya kupanda ngazi, sema kwa upole: "Daktari, ndiyo kwanza ameingia, tunaweza kurudia baadaye kidogo?" Namba ikifika 140 kwa 90 au zaidi, iandike na uulize kama itapimwa tena siku nyingine. Kama huwa anapata kizunguzungu akiinuka kitandani, omba apimwe na akiwa amesimama, kwa sababu dawa za presha zinaweza kuishusha mno mzee akiinuka, na kuanguka kunavunja nyonga.

Usitoke kabla hujapata majibu ya maswali haya, hata kama daktari ameshaanza kuita mwingine:

Ugonjwa unaitwaje? Dawa hii ni ya nini, na ni ya muda gani? Ipi kati ya zile za kwenye mfuko aache? Dalili gani ikitokea turudi bila kungoja tarehe? Tarehe ya kurudi ni lini?

Mzee mwenye presha au sukari anayefunga Ramadhani, swali la sita ni namna ya kupanga vidonge kati ya futari na daku, na kama afunge au asifunge. Liulizwe kabla mwezi haujaandama.

6. Dirisha la dawa

Bahasha itaandikwa 1x2 au 2x3. Kwa mzee asiyesoma hiyo ni michoro tu. Palepale dirishani fungua daftari, mwombe mtoa dawa aeleze tena, halafu mwambie mzee arudie kwa mdomo wake. Nyumbani mimi huchora jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku kwa kalamu nene. Bibi hakosei tena.

Mweleze wazi kwamba dawa ya presha haiishi kama dozi ya malaria. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi: anameza mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaacha, na miezi michache baadaye anapatwa na kiharusi.

Ukiambiwa dawa hakuna, uliza imeandikwa kwenye cheti kwa jina gani, na kama kuna inayofanana nayo iliyopo. Ukinunua nje, tunza risiti.

7. Akidharauliwa, anzia palepale

Kwanza tenganisha mambo mawili. Kungoja muda mrefu kwa sababu muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni sitini ni uhaba. Unaruhusiwa kuulalamikia, lakini yule muuguzi hana kosa, naye hajanywa hata chai. Kudharauliwa ni kitu kingine: kufokewa, kuitwa "wewe kizee", kuvuliwa nguo mlango wazi, ugonjwa wake kutangazwa mbele za watu, kudaiwa hela isiyo na risiti, na hili linaloniuma kuliko yote, kuambiwa "ni uzee" na mtu ambaye hajamgusa. Uzee haumvimbishi mtu miguu kwa wiki mbili. Uzee haumfanyi mama asahau jina la mwanawe kati ya Jumatatu na Alhamisi. Kuna sababu, na kazi ya hospitali ni kuitafuta.

Maneno yanayofaa ni mafupi na ya heshima. Mimi husema hivi: "Daktari, samahani. Nimekuelewa kwamba umri unachangia. Lakini miguu hii haikuwa hivi mwezi uliopita, naomba uitazame." Ukisema hivyo mara nyingi mtu anasimama na kuitazama, kwa sababu umemwonyesha kitu cha kufanya. Akikataa: "Basi naomba uandike kwenye cheti chake kwamba ameeleza miguu kuvimba na hakuna uchunguzi uliohitajika." Mtu anayeombwa kuandika hufikiri tena.

Kwa muuguzi anayefoka: "Sista, huyu ni bibi yangu. Tafadhali ongea naye kama unavyoongea na bibi yako. Kama kuna kosa tumefanya, nieleze mimi." Usipandishe sauti. Ukipandisha, kesi itakuwa ni ya vurugu zako, bibi atasahauliwa. Na usitoe simu kurekodi video, maana wagonjwa wengine nao wana siri zao.

Siku ile mimi sikuwa ndani, kwa hiyo nilianza nikiwa nimechelewa. Bibi akanishika mkono: "Mwanangu, acha. Kesho tutarudi hapahapa." Hofu hiyo si ya kuipuuza. Mzee anajua kwamba mkono uliofoka leo ndio utakaomchoma sindano mwezi ujao. Sikumvuta. Niliketi tena kwenye benchi, nikamwambia sitagombana na mtu, nitakwenda kuomba apimwe tu, naye abaki ananiona. Akafikiri, akaitika. Huwa siendi mbele bila kuitika kwake, labda awe hajitambui.

Nikamtafuta muuguzi kiongozi wa zamu, nikamweleza kwa sentensi tatu, nikamwonyesha saa nilizoandika. Akatupeleka kwa mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali. Yule mama alimwamkia bibi kwanza, "Shikamoo, bibi," akamvutia kiti, akachuchumaa, akabonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Lilikaa pale kwenye ngozi, nikawa nalitazama linajaa polepole. Akapima presha, akamwaga mfuko wa dawa mezani, akaichomoa diklofenaki. Vipimo vya mkojo na figo vikaandikwa siku hiyohiyo. Dakika ishirini hazikufika.

8. Barua

Hata jambo likisuluhishwa, andika. Bibi wa mtu mwingine atakaa kwenye benchi lile kesho, huenda hana mjukuu wa kwenda naye. Andika siku hiyohiyo au kesho yake, ukurasa mmoja, kwa Mganga Mfawidhi. Acha nje matusi na historia yote ya hospitali. Mfano:

*"Tarehe 14 Agosti bibi yangu, miaka 74, alifika idara ya wagonjwa wa nje saa 1:30 asubuhi. Aliingia chumba namba 4 saa 7:15 mchana. Alieleza kuwa miguu imevimba kwa wiki mbili. Hakuchunguzwa miguu wala kupimwa presha, akaambiwa ni uzee. Naomba mambo mawili: nielezwe hatua iliyochukuliwa, na watoa huduma wa chumba hicho wakumbushwe kuwachunguza wazee kabla ya kuwaandikia dawa. Namshukuru muuguzi kiongozi wa zamu aliyetusaidia."*

Mshukuru aliyefanya vizuri. Ni haki yake, na inaonyesha hukuja kugombana. Kama hujui jina la mhusika, chumba, saa na zamu zinatosha. Tengeneza nakala mbili, peleka masijala, ofisi inayopokea barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni lipo, litumie kwa mambo madogo. Jambo la kumdhalilisha mtu lisiingizwe kwenye sanduku ambalo hujui ufunguo wake uko kwa nani.

9. Kusiposikika

Kwa zahanati na kituo cha afya, kuna kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Ulizia ni akina nani. Pengine mmoja mnasali naye. Juu ya hapo ni Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Halmashauri, kisha Mganga Mkuu wa Mkoa. Kila unapopanda, ambatanisha nakala ya barua ya chini.

Makosa ya kitaaluma yana mabaraza yake: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi, Baraza la Famasi kwa wafamasia na maduka ya dawa. Huko ni kwa mambo mazito, kama mzee kuumizwa kwa uzembe. Ukidaiwa rushwa, piga TAKUKURU namba 113, ni bure. Wizara ya Afya ina namba 199, nayo haina malipo.

Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, rudi masijala na nakala yako yenye muhuri, uulize barua iliyopokelewa tarehe ile iko kwenye meza ya nani. Mimi nilirudi siku ya kliniki ya bibi, ili nauli iwe moja. Alikuwa amevaa kandambili zake.